Kisigino kinauma, mbio zimebaki wiki 5. Nikimbie au nimwachie mtu namba?

#1 MwangaJuu

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja.

Mbio zetu za kila mwaka hapa Kigoma zimebaki wiki 5. Nimeshalipia kilomita 21 na fulana ninayo ndani, bado namba ya kifuani tu. Tangu nianze sijakosa hata mwaka mmoja, huu ungekuwa wa 6.

Shida ni mguu wa kulia. Nyuma, juu ya kisigino kama vidole vitatu, kwenye ule mshipa mnene. Kilianza wiki 3 zilizopita natoka stesheni napandisha kilima cha barabara ya Lumumba kurudi Mwanga. Sikuanguka wala sikuteguka, nilisikia tu kama mtu amenibana na kibanio cha nguo. Nikamalizia kilima. Kesho yake kushuka kitandani, hatua ya kwanza nikashika ukuta. Mpaka niende msalani na kurudi ndipo kinalainika. Nikikimbia, kilomita ya kwanza kinauma, ya tatu nimeshakisahau, usiku kinarudi na riba.

Nikipapasa kuna kauvimbe kama punje ya harage chini ya ngozi. Ukipabinya naruka.

Nimeshaweka barafu ya mwaloni Kibirizi (ile ya samaki, ndiyo), nimeshapaka dawa ya kuchua, na siku za tizi nameza kidonge cha maumivu.

Sasa kabla hamjaniambia "pumzika tu": nina dau na fundi cherehani mmoja wa Ujiji. Atakayetangulia kufika utepeni anapewa na mwenzake dumu la mawese la lita 20. Mwaka juzi alinipita mita chache za mwisho akanicheka mpaka Idi. Mwaka jana nikamlipiza, ila hatukuwa tumewekeana kitu, nikashinda bure.

Nikimbie au nimwachie mtu namba? Na hasa hiki kitu kimetokana na nini?

#2 Nipo Paleee

Nimekaa kiti cha nyuma, nasubiri wataalamu.

#3 Mgebuka Mbichi

Kwa bei ya mawese ilivyo sasa mkuu, kimbia hata kwa kisigino kimoja.

#4 Sindano na Uzi

Pole sana ndugu yangu. Kisigino si kitu cha kuchezea hata kidogo, nimeona watu wamebaki vilema. Ningekuwa wewe ningepumzika kabisa mwaka huu, mbio zipo kila mwaka. Na hilo dumu, muungwana akishindwa kufika hulipa tu, maisha yanaendelea.

#5 Tizi Alfajiri

Mkuu MwangaJuu, kwanza huo si mshipa. Mshipa unapitisha damu. Hiyo ni kano, ukano unaofunga misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino, na ndio mkubwa kuliko kano zote mwilini. Dalili zako (asubuhi kugoma, kupoa ukishapata moto, kurudi usiku, kauvimbe vidole vitatu juu) ni za ukano uliochokozwa kwa kazi nyingi kuliko ulivyozoea. Misuli inazoea kazi mpya kwa wiki, kano inataka miezi.

Swali langu moja: kabla ya mwezi huu ulikuwa unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na sasa ngapi? Jibu ukweli, hapa hakuna mkeo.

#6 MwangaJuu

Hahaha. Ukweli: nilikuwa kama 18. Wiki iliyofuata 30, halafu 42. Nilichelewa kuanza tizi kwa sababu nililala karibu siku kumi na yutiai (ile ya mkojo) ikabidi nimeze dozi, nilipopona nikaona nifidie.

#7 Tizi Alfajiri

Basi umejijibu. Kutoka 18 hadi 42 ndani ya wiki 2, tena kwenye kilima cha Lumumba. Kilima kinakunja kifundo na kuuvuta ukano kila hatua. Kesi imekwisha.

#8 Mama Raba

Kesi haijaisha mdogo wangu. Hakuna aliyemuuliza amevaa nini mguuni. Mimi nauza raba za mtumba soko la Mwanga mwaka wa 11 huu, wakimbiaji wote wa asubuhi wanapita kwangu. Wanaokuja kulalamika kisigino wengi wametoka kwenye raba yenye kisigino kinene wakaingia kwenye ile nyembamba bapa, eti nyepesi. Ukano uliozoea kuinuliwa unashushwa ghafla, unavutika.

MwangaJuu raba zako mpya au za zamani?

#9 MwangaJuu

Dada umenipata. Mpya, nimenunua mwezi jana. Bapa. Nyekundu.

#10 Mama Raba

Nilijua. Ila hukununua kwangu.

#11 Mgebuka Mbichi

Angenunua kwako tusingeambiwa bapa ni mbaya 😂

#12 MwangaJuu

Jambo linalonichanganya: zile za zamani zenye kisigino kinene nilimpa mdogo wangu, naye kisigino kinamuuma tangu wiki iliyopita. Yeye kapandishwa kisigino, mimi nimeshushwa, wote tunachechemea nyumba moja.

#13 Nesi wa Zamu

Samahani naturudisha nyuma. Kwenye #6 MwangaJuu amesema alimeza dozi ya yutiai na kila mtu amepita. Dawa gani?

#14 MwangaJuu

Vidonge vyeupe virefu, asubuhi na jioni siku 7. Jina linaanzia na sipro.

#15 Nesi wa Zamu

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Siprofloksasini ni ya kundi la antibiotiki zinazoitwa fluorokwinoloni, na moja ya madhara yake yanayojulikana ni kuumiza kano. Wa kwanza kupigwa huwa huo huo wa kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza liwekwe onyo la ngazi ya juu kabisa kwenye karatasi yake. Inaweza kuanza siku chache baada ya kumeza, au hata miezi baada ya kumaliza. Waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi wako hatarini zaidi, lakini kijana naye hajasamehewa.

Sisemi ndiyo sababu. Wengi wanameza na hawapati kitu. Nasema mtu aliyetoka kumeza sipro hatakiwi kupandisha kilomita zaidi ya mara mbili, na ukienda hospitali uwaambie, maana hawatakuuliza. Na safari ijayo usinunue dukani kwa jina, nenda upimwe mkojo kwanza.

Kingine: acha kumeza dawa ya maumivu ili ukimbie. Diklofenaki na ibuprofeni ukizichanganya na jua, jasho na maji kidogo, figo ndizo zinazolipa. Tena unazima kengele huku nyumba inaungua.

#16 Tizi Alfajiri

Dada Nesi nakuheshimu, lakini kilomita zimepanda kutoka 18 hadi 42. Hata asingemeza panadoli ukano ungelia. Huhitaji sipro kuelezea hili.

#17 Nesi wa Zamu

Na wewe utahitaji kueleza, kama mwaka jana alifanya hivyo hivyo, kwa nini hakuumia. MwangaJuu, mwaka jana ulianza tizi mapema?

#18 MwangaJuu

Mwaka jana nilianza na wiki 4 mkononi. Sikuumia popote.

#19 Nipo Paleee

Eheee.

#20 Tizi Alfajiri

Mwaka jana alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja, na hakuwa na raba bapa. Sababu zinaweza kupandana.

#21 Veterani 47

Wakuu nimepita kusoma kimya nikashindwa. Nitasimulia yangu, kila mtu achukue chake.

Mimi ni wa mpira wa Jumapili, timu ya wazee. Nilikuwa na kisigino kama cha huyu kijana, asubuhi kinagoma, jioni kinacheka. Miezi 4 nacheza nacho. Jumapili moja dakika za mwanzo kabisa, sijagusa hata mpira, najiandaa kukimbilia pembeni nikasikia PAA! Kama mtu amenipiga na fimbo nyuma ya mguu. Nikageuka na ngumi imeshakunjwa nimtafute mshenzi aliyenikata. Hakuna mtu. Wa karibu alikuwa hatua kumi, anafunga kamba za viatu. Nikaweka mguu chini, mguu ukawa kama kandambili iliyokatika ukanda.

Walionibeba walisema nimeteguka. Nikawekwa kwenye bodaboda, nikachuliwa siku 9 kwa mafuta ya moto. Siku ya 10 daktari mmoja akaniambia lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda. Akaminya shavu la mguu mzima, unyayo ukajitikisa wenyewe. Akaminya la mguu mbovu, unyayo ukatulia kimya kama si wangu. Akasema umekatika. Nikakaa na plasta, mguu umenyoshwa kama mcheza ngoma, na mwaka mzima sikurudi uwanjani.

MwangaJuu jipime hivyo leo, mtu akuminye. Unyayo ukitikisika shukuru Mungu, ukano haujakatika. Usipotikisika ondoka hapo sasa hivi.

#22 MwangaJuu

Mke wangu ameniminya. Umetikisika. Asante mzee, nilitoka jasho.

#23 Babu wa Kitongoni

Wajukuu, mmeandika mengi. Huyu kijana baada ya kukimbia anaenda wapi? Najua vijana wa sasa, wakitoka mbio na jasho lao wanajitosa ziwani. Mwili wa moto, maji ya baridi, baridi inaingia kwenye mifupa na kukaa kisiginoni maana ndipo chini. Aje kwangu siku 3 nimchue na mawese ya moto na tangawizi. Nimechua wavuvi toka enzi meli ya MV Liemba inaondoka kwa ratiba.

#24 MwangaJuu

Shikamoo babu. Ni kweli huwa naingia ziwani Bangwe siku za Jumamosi.

#25 Babu wa Kitongoni

Marahaba. Ndiyo nilichosema.

#26 Mhakiki

Babu shikamoo. Kwa heshima, Tanganyika si baridi kihivyo, juu maji ni nyuzi 24 na kupanda. Maji ya bomba alfajiri yanaweza kuwa baridi kuliko ziwa. Na hiyo tangawizi haitafika kwenye ukano.

#27 Babu wa Kitongoni

Nyuzi ni za mafundi cherehani. Baridi ipo chini, si juu. Hili ndilo ziwa lenye kina kuliko yote duniani.

#28 Mhakiki

La pili babu. La kwanza ni Baikal la Urusi. Letu lina mita 1,470 hivi. Na MwangaJuu hajakanyaga chini huko, angeshatuandikia kutoka Kongo.

#29 Mpagazi

Salamu kutoka Tabora. Nimesoma uzi wote nikicheka. Babu zetu Wanyamwezi walitoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu njiani, raba hakuna, barafu ya samaki hakuna. Hatujasikia aliyeandika barua kwamba kisigino kinambana kama kibanio cha nguo.

#30 Mgebuka Mbichi

Waliokufa njiani waliandika?

#31 Mpagazi

Hapo umenipiga 😅 Lakini hoja yangu halisi ni hii: tatizo ni huo mji wenu, kupanda na kushuka. Huku Tabora tambarare, nakimbia mpaka Kwihara na kurudi, sijui kilima ni nini. Apande treni aje afanyie tizi huku wiki 3, mguu upone, asali ipo.

#32 Tizi Alfajiri

Ushauri si mbaya kuliko unavyofikiri. Tambarare ingemsaidia kweli. Ila akirudi siku ya mbio, Lumumba ipo pale pale inamsubiri.

#33 Mpenda Taifa

Mnamkatisha tamaa bure. Mmemsahau John Stephen Akhwari? Alienda marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 goti likiwa limeumia, akakimbia hivyo hivyo hadi mwisho. Alipoulizwa akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Leo mtu anaogopa kisigino! Kimbia kaka.

#34 Mhakiki

Sahihisho. Akhwari hakwenda Mexico akiwa ameumia. Alianguka katikati ya mbio, wakimbiaji wakigombea nafasi, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji akaendelea, akafika wa 57 kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza 75, wakamaliza 57, yaani alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza.

Unayemtafuta wewe alikuwa kwenye mbio hizo hizo: Abebe Bikila. Bingwa wa 1960 na 1964, aliingia Mexico mguu tayari una jeraha. Akaishia kama kilomita ya 17, akatoka. Mbio moja, mmoja kaumia ndani kamaliza, mmoja kaingia kaumia kaacha. Na Bikila si mwoga, 1964 alishinda Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidoletumbo.

#35 Mpenda Taifa

Nashukuru kwa sahihisho. Lakini Akhwari alimaliza.

#36 Veterani 47

Alimaliza, ndiyo, na 1970 kule Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa 5 kwenye marathoni. Goti lilipona. Kuumia goti kwa kuanguka siyo sawa na ukano unaochanika taratibu. Mimi wangu haukunipa nafasi ya kumaliza hata dakika 10.

#37 Mgebuka Mbichi

Na Akhwari alikuwa anaiwakilisha Tanzania. Huyu anawakilisha dumu.

#38 Mpenda Taifa

Dumu nalo ni heshima. Alphonce Simbu 2025 kule Tokyo, marathoni ya ubingwa wa dunia, alimpita Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Angewaza kisigino dhahabu ya dunia ingetua Tanzania?

#39 Tizi Alfajiri

Simbu alifika mstarini mzima, ndiyo maana alikuwa na mbio za mwisho. Turudi kwa mgonjwa.

Miaka ya 90 daktari mmoja wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, naye mkimbiaji, alikuwa na tatizo kama hili. Akaomba apasuliwe, mkubwa wake akakataa. Kwa hasira akaamua auchoshe ukano mpaka uharibike ili wakubali kumpasua. Badala ya kuharibika ukapona. Mwaka 1998 wakachapisha walichofanya: unasimama kwenye ngazi kwa ncha za vidole, unapanda kwa mguu mzima, unashuka taratibu kwa mguu mbovu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti 3 goti limenyooka, seti 3 goti limekunjwa, asubuhi na jioni. Jumla 180 kwa siku. Inauma, na inaruhusiwa kuuma kidogo. Wiki 12.

#40 Mgebuka Mbichi

12 toa 5... dumu linakwenda Ujiji.

#41 Nesi wa Zamu

Naunga mkono mazoezi ya ngazi kwa sharti moja, aanze taratibu. Kama ni sipro huo ukano ni dhaifu kuliko unavyoonekana, 180 siku ya kwanza ni balaa. Na mwenye maumivu chini kabisa, pale ukano unaposhikana na mfupa, asishushe kisigino chini ya ngazi, aishie usawa wa sakafu.

Akikimbia apime maumivu kwa alama 0 mpaka 10. Yasipite 5, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa jana. Asubuhi ikiwa mbaya zaidi, jana alizidisha.

#42 Mdogo Mtu

Mimi ndiye mdogo wake MwangaJuu mwenye raba za kisigino kinene, naomba na mimi nisaidiwe. Sijameza sipro. Sijakimbia zaidi ya kilomita 5. Siogelei. Kinauma chini ya kisigino, ndani ya unyayo, asubuhi kama nakanyaga msumari.

#43 Tizi Alfajiri

Wewe si ukano. Wewe ni utando wa chini ya unyayo. Fungua uzi wako.

#44 Mama Raba

Hizo raba zimeshaliwa soli upande wa ndani, nimeziona kwa macho yangu zinapita sokoni. Mlete kwangu.

#45 Mhakiki

Wakuu nimerudi kusoma uzi kuanzia mwanzo. Kuna mtu tangu #4 anamshauri mgonjwa apumzike kabisa na alipe dau kiungwana. Jina lake ni Sindano na Uzi. Mshindani wa MwangaJuu ni fundi cherehani wa Ujiji.

Naishia hapo.

#46 Mgebuka Mbichi

NIMEANGUKA KWENYE KITI 🤣🤣🤣

#47 MwangaJuu

We mtu!!! Yaani nilikushukuru inboksi kwa kunijali!

#48 Sindano na Uzi

Ushauri mzuri unabaki mzuri hata ukitoka kwa fundi. Nilisema pumzika, Nesi kasema punguza, Veterani kasema utakatika. Nimekosea wapi? Na suruali yako ya harusi ya shemeji ipo tayari, njoo uichukue, njoo polepole.

#49 Babu wa Kitongoni

Huyo fundi namjua, mama yake nilimchua mgongo. Si mtu mbaya.

#50 MwangaJuu

Mrejesho, zimebaki wiki 2. Nilikwenda hospitali. Nikawaambia habari ya sipro, aliyenipokea akasema "hapana, ni uzito", nina kilo 84. Wa pili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akasema inawezekana, akaandika. Hakuna picha niliyopigwa. Raba bapa nimeacha, Mama Raba ameniuzia nyingine (bei tutaongea siku nyingine). Ngazi nafanya 90 kwa siku. Lumumba nashuka tu, kupanda natumia bajaji. Vidonge nimeacha. Na babu nilikwenda, alinichua siku 2, ya 3 sikurudi maana nililia mbele ya wajukuu zake. Asubuhi maumivu yametoka 7 hadi 3.

Nimeacha vitu vitatu na kuanza vitatu kwa mpigo, sasa sijui kipi kimesaidia.

#51 Tizi Alfajiri

Ngazi.

#52 Mama Raba

Raba.

#53 Nesi wa Zamu

Muda. Na kuacha vidonge.

#54 Babu wa Kitongoni

Siku ya 3 ndiyo ya dawa yenyewe. Umeondoka mapema.

#55 Mpagazi

Bajaji! Anapanda kilima kwa bajaji halafu anajiita mkimbiaji. Babu zangu wanageuka kaburini.

#56 MwangaJuu

Wakuu mbio zilikuwa jana, nimekaa mguu juu ya stuli naandika.

Siku ya kuchukua namba niliomba pale mezani wanihamishie kilomita 10, dada akaniangalia kisigino akabadilisha bila maneno. Wa 10 na wa 21 wote tuliondoka pamoja, fundi akanipungia mkono kama anayesafiri. Kilomita 4 za kwanza nilikaa alama 2. Kilimani nikasema hapa natembea, aibu baadaye. Nikiwa natembea, mtoto wa kama miaka 9 mwenye ndoo ya maji kichwani akanipita. Maji hayamwagiki. Akageuka nusu, kwa sababu ya ndoo hawezi kugeuka yote, akasema "pole babu." Nina miaka 38.

Nikamaliza saa 1 na dakika 14. Nikavua raba, nikanunua muwa, nikakaa kwenye ukingo wa barabara pembeni ya utepe. Baada ya dakika 50 hivi nikamwona fundi anakuja, paja limembana, anakimbia kama anavuta cherehani.

Sasa naleta hoja. Dau lilisema atakayetangulia kufika utepeni. Nilikuwa utepeni nakula muwa.

#57 Sindano na Uzi

HAPANA. Hapana hapana. Mimi nimekimbia 21!

#58 Mhakiki

Nimerudi #1. Nanukuu: "Atakayetangulia kufika utepeni anapewa na mwenzake dumu la mawese la lita 20." Kilomita hazikutajwa.

#59 Sindano na Uzi

Mhakiki usijifanye hakimu. Mstari huo huo wa juu amesema amelipia 21.

#60 Mpenda Taifa

Akhwari hakubadilisha mbio mezani.

#61 Veterani 47

Na mimi ningebadilisha ningekuwa bado nacheza. Kijana hongera. Dumu mtajuana.

#62 Nesi wa Zamu

MwangaJuu, asubuhi ya leo ilikuwaje? Hilo ndilo swali, siyo muwa.

#63 MwangaJuu

Cha kulia alama 2, sawa na juzi. Ila nilipokanyaga chini nikashika ukuta tena. Cha KUSHOTO. Pale pale, vidole vitatu juu.

#64 Nesi wa Zamu

Miguu yote miwili. Sisemi kitu, ila sipro hupenda kupiga pande zote mbili.

#65 Tizi Alfajiri

Au kwa wiki 5 umekuwa unaubeba mguu wa kulia kwa wa kushoto, kisha ukaukimbiza kilomita 10. Anza ngazi na huo.

#66 Babu wa Kitongoni

Baridi imehama.

#67 Sindano na Uzi

Dumu nimelinunua, lipo dukani chini ya meza ya kukatia vitambaa. Sijasema umeshinda. Nimesema lipo. Ukilitaka lifuate kwa miguu, bajaji hairuhusiwi.

#68 Nipo Paleee

Samahani wakuu, hizo raba bapa nyekundu zinauzwa? Navaa namba 42.